Mwali Aliyejua Mno

Mie kungwi, nimewaweka ndani wanawali wa Temeke na Chang'ombe mpaka majina yao yananipotea. Nikipita njiani naamkiwa na wanawake wenye wajukuu, "Shikamoo, somo," naitikia marahaba huku najiuliza huyu nilimtoa mwaka gani. Lakini mmoja simsahau hata usingizini, maana huyo alikuwa na ndevu. Chekeni, chekeni tu, wenzenu walicheka kabla yenu. Mwali wangu alikuwa mwanamume mzima, Mhaya wa Bukoba, askari aliyetoka vitani Bama, huko ng'ambo ya Bara Hindi, na kosa lake hapa duniani lilikuwa hilo moja: alijua mno.

Jina lake Revelian. Alipanga chumba changu cha uani yeye na mkewe Tekla, baada ya vita ya Hitla. Mie nilikuwa mjane tayari, na nyumba yangu ya makuti, na saa ya ukutani ya marehemu Mwinjuma ambayo ilikuwa haiendi. Nilimwambia mume wangu tangu yu hai aipeleke kwa fundi. Kesho, kesho, mpaka kafa yeye, saa imebaki vilevile. Hiyo saa iwekeni akilini.

Jeshini walimfundisha Revelian mambo ya redio. Si kufungua na kufunga tu. Alikuwa anainamisha sikio, anausikiliza mvumo, halafu anakwambia waya gani umelegea, kama mie ninavyojua kwa mlio wa mafuta kwamba kitumbua kimeiva. Alinihadithia kule msituni mvua ilivyonyesha juu ya mvua, naye amekaa na vile vidude masikioni, anawasikiliza watu wa mbali wakisema ndani ya ngurumo. Vita vikaisha, ngurumo haikumtoka. Jioni akikaa barazani unamwona kainamisha kichwa.

"Unasikia nini, baba?" namuuliza.

"Mbali, mama," anasema. "Kuna mtu anaita mbali."

Haya. Nami nakaa kimya pembeni yake na ukili wangu wa kusukia mkeka mkononi, na mara nyingine, wallahi, nilikuwa nasikia.

Basi mtu huyo kazi akaikosa. Alikwenda duka moja la mjini lililotengeneza redio, wakitafuta mtu wa kumshikia taa fundi na kufagia jioni. Mzungu akaweka redio mezani amjaribu. Haijafunguliwa, Revelian kasema ilipo hitilafu. Ikafunguliwa, ikawa palepale. Yule Mzungu akafurahi, jamani! Akamkalisha kwenye kiti, akamwagizia chai, akamuuliza habari za Bama, akampa mkono. Kisha akamwambia kwa upole kabisa kwamba kazi hii haimfai. "Wewe unajua mno. Utachoka. Utaanza kutaka mambo." Na kazi ya ufundi wenyewe je? Ah, hiyo haikuwa na nafasi ya Mwafrika.

Alirudi na viatu vyake vya jeshi mkononi, kwa kuwa njiani vilikuwa vimejaa mchanga.

"Kwa hiyo wamekunyima kwa sababu unaweza?" Tekla akamuuliza.

"Ndiyo."

"Na kama usingeweza?"

"Wangenipa ufagio."

Kila alikokwenda ikawa hivyohivyo. Chai anapewa, kazi hapewi. Mie nilikuwa nakasirika mpaka vitumbua vinaungua.

Na msifikiri ni kazi tu. Siku zile mwanamume asiye na kazi hakuruhusiwa kukaa mjini. Askari walizunguka mitaani asubuhi, ukikutwa huna bwana wa kumtaja unaitwa mhuni, unapandishwa gari moshi, unarudishwa kwenu. Jirani yetu Leodegar alikamatwa bombani, amekwenda kuchota maji. Ndoo ilirudi, yeye hakurudi. Kwao Revelian ni reli mpaka Mwanza, halafu meli. Na Tekla alikuwa mzito. Mimba yake ya kwanza ilitoka njiani, kwenye safari hiyohiyo ya kuja huku, na mkunga alikwishamwambia safari nyingine asithubutu. Kwa hiyo Revelian akishikwa ataondoka peke yake, na mtoto atazaliwa baba yuko ng'ambo ya ziwa. Msichana yule alikuwa hapati usingizi. Kila buti likipita njiani anashika tumbo.

Siku moja akaja Salumu, kijana wa mtaa wetu aliyekuwa mchukuzi kwenye karakana moja ya redio huko Chang'ombe, ya Mzungu tuliyemwita Bwana Miwani. Anataka mtu wa kushika taa, akasema Salumu. "Lakini mama, mwambie mpangaji wako afunge mdomo. Bwana hataki mjuaji. Alikuwa naye mmoja, wakagombana."

Nikamtazama Revelian. Kakaa kizingitini, mgongo umenyooka, macho yanamtazama kila mtu usoni. Nikajisemea, Tunu, huyu ukimpeleka hivi atarudi na chai tumboni. Huyu atiwe ndani kama mwali.

"Mama," akaniambia nilipomweleza, "mimi ni sajini."

"Kwenye gari moshi wamo masajini wengi," nikamjibu. "Kaa chini."

Tekla alicheka siku hiyo, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichomfanya mumewe akubali.

Sasa, ya ndani siyasemi. Aliyepita kwa kungwi anayajua, asiyepita hayamhusu. Lakini hili hata wanaume wanalijua: mwali hamtazami mtu usoni, na mwali hajui. Ataonyeshwa mwiko aliopikia tangu mdogo, ataulizwa hiki nini, atasema sijui, kwa sauti ya chini, mpaka kungwi amwambie. Akiulizwa jambo kubwa hajibu kabisa. Anamgeukia kungwi wake, na kungwi ndiye anayemsemea. Msione ujinga. Ni adabu ya mtu anayengoja kutolewa.

Tulikuwa tunakaa chumba cha ndani baada ya adhuhuri, saa ambayo mtaa mzima umelala na hata kuku hawana hamu. Nafukiza udi kidogo. Jua linapenya kwenye matundu ya makuti, linadondosha vidoa sakafuni, na vile vidoa vinatambaa polepole, vinapita mguuni kwa Tekla aliyejilaza mkekani, vinampanda Revelian gotini, vinampanda kifuani. Sauti zetu zilikuwa chini sana. Mara nyingine nilikuwa sijui kama nimeuliza kwa mdomo au nimeuliza moyoni. Ile saa ya Mwinjuma nimeitungua ukutani, nimeifungua mgongo, iko mbele yake.

"Hii nini?"

"Saa, mama."

"Nani kakwambia?"

Akashusha macho. "Sijui."

"Mbona haiendi?"

"Sijui."

Mdomo ulitii upesi. Mikono ndiyo iliyokuwa kaidi! Anasema sijui huku kidole kishaingia ndani ya saa, kinapapasa kinachouma. Nampiga kofi la mkono, anautoa, baada ya kitambo umerudi wenyewe. Basi nikamletea mayai mabichi, nikamwekea moja kila kiganja. "Shika. Yasivunjike, yasianguke. Hii nini?" Mwanzoni tulikula mayai ya kukaanga mpaka Tekla akayachukia. Lakini yai linafundisha. Mkono ukishika yai haubonyezi, haupapasi, hauna haraka. Ikafika siku anakaa nayo mchana kutwa, viganja vimeviringa magotini, macho chini, na saa iko wazi mbele yake, wala hata kidole hakitikisiki.

Siku moja nilisinzia katikati ya maswali. Nikasikia "sijui" laini, ya mtoto wa kike, nikafumbua macho nikiwa na hakika kwamba mbele yangu kuna mwali wa kweli, nimesahau kumpaka liwa. Alikuwa ni yeye.

"Mama," akasema, "siku hizi sisikii."

"Husikii nini?"

"Mbali."

Mie nikafurahi. Nikasema kazi imeiva.

Siku ya kujaribiwa nilijitwika sinia la vitumbua, nikakaa mlangoni kwa karakana kana kwamba nimekuja kuuza. Na niliuza, sikosi riziki kwa ajili ya mtu. Mlango ule ulikuwa mpana, naona mpaka ndani. Bwana Miwani kasimama, mfupi, shati limemlowa. Fundi wake, Mgoa mmoja mpole, anachokonoa redio. Revelian kaingia, na hapo hapo moyo wangu ukatulia, maana kaingia kimwali hasa, mabega yameshuka, macho kwenye vidole vya miguu.

"Wewe jua redio?" Bwana Miwani akauliza.

"Sijui, Bwana."

Akainua kile kioo cha ndani ya redio, kinachofanana na taa. "Hii kitu nini?"

"Sijui, Bwana. Taa?"

Bwana Miwani akacheka, fundi akacheka, hata Salumu akageukia ukutani. Wakampa taa amshikie fundi. Akaishika. Ile redio ilikuwa inavuma na kukatika, inavuma na kukatika, na mie niliyemzoea nikaona shingo yake inataka kuinama isikilize. Haikuinama. Mkono wake mwingine ulikuwa ubavuni, umeviringa, umeshika yai lisilokuwepo. Nikasema moyoni, mwanangu we, hapo hapo, usibonyeze.

Bwana Miwani akaridhika. Akafuta miwani yake, akamuuliza la mwisho: "Haya. Wewe nataka kazi?"

Lahaula! Nilikuwa nimeyafikiri yote, hilo sikulifikiri. Jambo kubwa mwali hajibu. Revelian kasimama pale mbele ya Mzungu, kazi iko mdomoni mwake, mke ana mimba, askari wako njiani, naye anageuka taratibu, hana wasiwasi hata chembe, ananitazama mie mlangoni nimsemee!

Nilikuwa na kitumbua mkononi namkabidhi mteja. Sikumpa.

"Anataka, Bwana!" nikapiga kelele. "Anataka!"

Bwana Miwani akashangaa. "Huyu mama yako?"

Na Revelian, Mungu amsamehe, akanigeukia tena.

"Mama yake, Bwana! Mie ndiye mama yake!"

Karakana nzima walikufa kwa kicheko. Bwana Miwani alicheka mpaka akavua miwani mara ya pili. "Mtu namna hii nataka," akasema. "Mtu hapana sumbua." Akamwandika siku hiyohiyo.

Tulirudi kwa miguu. Upepo ulikuwa unatoka pwani, unanyanyua vumbi kidogo halafu unaliweka chini. Kichwani nina sinia tupu, pembeni nina mtoto wa watu ambaye nimetoka kumzaa mbele ya Mzungu. Nilijihisi mwepesi, kana kwamba ile njia yote naiota na nikifika nyumbani nitaamshwa.

Na yote tuliyoyataka tuliyapata, nisiwadanganye. Askari walikuja, wakabisha, Revelian akawaonyesha karatasi ya Bwana Miwani, wakaenda kwa jirani. Tekla alijifungua alfajiri moja ya mvua, mtoto wa kike, nimempokea mie kwa mikono yangu hii, na baba yake alikuwa mlango wa pili, namsikia anavyopumua. Wakamwita Kokushubila. Sie wa uani tukamwita Koku. Nilimwambia Revelian aingie, akaingia, akambeba vizuri sana, viganja vimeviringa.

Ilikuwa Koku kaanza kukaa mwenyewe, ndipo Tekla aliposema, "Baba Koku, sasa itengeneze ile saa ya mama. Hakuna Mzungu hapa."

"Sijui," akasema Revelian.

Tukacheka. Tekla akamsukuma bega, nami nikasema huyu naye, mzaha haumwishi. Yeye hakucheka. Alikuwa anaitazama saa, na macho yake yalikuwa yameridhika nayo. Hakukataa, jamani. Angekataa ningefurahi. Mikono ilikuwa magotini, imekaa vilevile nilivyoifundisha.

"Barazani husikii kitu siku hizi?" nikamuuliza.

"Kitu gani, mama?"

Salumu akanieleza kwamba karakana inalemewa na kazi, redio za mabwana wa mkonge zimejaa mpaka mlangoni, na Bwana Miwani anamwambia kila mgeni kwamba ameagiza fundi kutoka Ulaya, anakuja na meli, kwa kuwa nchi hii hakuna anayejua. "Anayasema hayo, na Revelian kamshikia taa," akasema Salumu.

Nilitukana. Matusi yenyewe siyarudii, Koku yupo.

Mwali akikaa ndani kupita kiasi anaharibika. Anapauka, miguu inasahau njia, mwisho anaogopa jua. Ndiyo maana kuna siku ya kutolewa, na siku hiyo anaipanga kungwi, si mwingine. Nikaipanga Jumapili, wakitoka kanisani. Nikawaita wanawake wangu na ngoma zao. Waliposikia nani anatolewa walikuja mpaka wale wenye magoti mabovu.

Tulimfunika kanga gubigubi. Salumu akamweka mabegani, miguu ikawa inaburuzika, akatoka naye chumba cha ndani mpaka uani, vigelegele juu, kina mama wanacheka hadi machozi. Tukamkalisha mkekani. Nikavuta kanga. Jua likampiga usoni, akafumba macho. Nikamwekea saa mbele.

"Hii nini?"

"Sijui."

Ngoma. "Hii nini?"

"Sijui, mama."

Wanawake wakapunguza kucheka. Nikauliza tena, na ngoma moja moja zikanyamaza, mpaka uani kote ikabaki sauti ya Koku anacheza na kifuu. Nilikuwa naomba moyoni, na nilikuwa sina la kufanya tena. Yote ninayoyajua nilikuwa nimeyamaliza.

Ndipo Tekla akapiga magoti mbele ya mumewe. Akamshika mkono wa kulia, akakifungua kile kiganja kidole kwa kidole, akachukua kutoka humo yai lisilokuwepo, akaliweka pembeni ya mkeka, polepole, lisivunjike. Akafungua cha kushoto. Akachukua la pili, akaliweka karibu na mwenzake. Hakuna aliyecheka. Nawaambia, mie niliyaona yale mayai.

Mikono ya Revelian ikabaki wazi, mitupu. Halafu mmoja ukaenda kwenye saa.

"Hii," akasema, "ni saa ya Mwinjuma." Akaisogeza karibu. "Huu utepe wa chuma umeteleza. Gurudumu hili limeshika kutu. Haikufa hii, mama. Ilikuwa inangoja." Tukampa kisu na mafuta ya cherehani. Akaanza kusema, na hakunyamaza mpaka alasiri. Alitueleza saa, akatueleza redio, jinsi sauti inavyopita hewani tunapolala na inavyotupita vichwani hatuna habari, akaeleza mvua ya Bama na marafiki aliowasikia wakiita ndani yake mpaka wakaacha kuita. Tekla alikuwa analia waziwazi. Wale wanawake, wengine hawakuelewa hata nusu, lakini kila akinyamaza walipiga kigelegele aendelee. Ile saa ikaanza kwenda. Yeye akainamisha kichwa, na safari hii sikumuuliza. Sote tulinyamaza uani pale na ngoma mapajani, tukasikiliza mbali.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kizingitini nawasha jiko. Saa ilikuwa inagonga ndani ya nyumba yangu, nayo sijaizoea. Revelian akatoka chumbani amevaa, amemuaga mtoto. Mkeka wa jana ulikuwa bado uko uani, hatukuukunja. Akaufikia, akasimama. Akainama pale mkewe alipoyaweka yale mayai, akaokota moja kwa mkono wa kulia, akaokota la pili kwa mkono wa kushoto. Mabega yakashuka. Akatoka kwenda Chang'ombe, anatembea taratibu, yasivunjike.

Tekla alikuwa nyuma yangu, Koku begani.

"Mama," akasema, "atayashika mpaka lini?"

Wanawali wote wa Temeke siku zao za kutolewa nimezipanga mie. Nilijaribu kuitafuta ya huyu, sikuiona. Nikamwambia Tekla aingie ndani, mtoto asipigwe na umande.